Kwetu Nimeachika, Kwenu Bado

Karani aliinua hati ya talaka akaielekeza dirishani, kama mtu anayekagua noti asiyoiamini, kisha akairudisha mezani taratibu.

"Ni talaka nzuri," alisema. "Mhuri umekaa mahali pake, sahihi zinasomeka. Kule kwenu hawana mchezo."

"Ahsante," alisema Miwani, ingawa hakujua anashukuru kwa lipi.

"Tatizo ni kwamba ndoa ilifungwa hapa, na bwana ni raia wa hapa. Mahakama ya kwenu imesema mmeachana. Sawa, tumewasikia. Lakini kwenye vitabu vyetu ninyi bado ni mke na mume."

"Yaani kwetu nimeachika, kwenu bado?"

"Hapo hapo. Umenielewa upesi kuliko mawakili."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia ya kazi magotini. Au niseme aliyekuwa mumewe. Hata mimi ninayesimulia nakwama hapo, maana ilitegemea umesimama upande gani wa mpaka. Alikuwa fundi wa lifti, mwanamume wa maneno machache, aliyezoea kutega sikio kwanza ndipo aguse kitu.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza. "Amesafiri siku nzima. Tumekuja wote wawili, na tunakubaliana."

"Kukubaliana hakutoshi, ndugu yangu. Kesho hakimu atauliza swali moja: ni nani katika familia aliyejaribu kuwapatanisha? Mzazi, au mkubwa yeyote wa ukoo. Anasimama, anasema nilijaribu, ikashindikana. Ni jambo la dakika chache. Bila hilo, faili linarudi kabatini." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Wazazi wapo?"

"Wangu walishatangulia," alisema Miwani.

"Mama yangu yupo," alisema fundi lifti, kwa sauti iliyoishia kifuani.

"Basi si mje naye! Kama ni mgonjwa tutampa kiti."

Mama alikuwepo, tena saa ile alikuwa nyumbani akimenya viazi kwa ajili ya mkwe wake aliyekuja kumtembelea. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa nayo yeye: mkwe amekuja kumtembelea. Jioni iliyotangulia alikuwa amewatandikia shuka mpya, akawaaga kwa kicheko cha kichokozi, akafunga mlango wake mapema ili asiwabane. Nyuma ya mlango wa pili mwanawe alilala sakafuni juu ya mkeka, na Miwani alilala kitandani ameutazama ukuta, kila mmoja akijifanya kwa mwenzake kuwa amepitiwa na usingizi.

*

Walitoka wakasimama kwenye ukumbi mrefu wa mahakama, karibu na ndoo ya mfagiaji.

"Utamwambia wewe," alisema Miwani.

"Mimi?"

"Ni mama yako."

"Ni mama yangu, lakini wewe ndiye anayekungoja Jumapili na simu mkononi. Mimi naishi naye nyumba moja na haniulizi hata nimelalaje."

"Usinichekeshe. Hapa si mahali pa kucheka."

"Sikuchekeshi. Nasema kweli."

Aliinua uso, na Miwani akaona kuwa miwani aliyoivaa mumewe imepinda, mkono wake wa kulia umekwenda juu. Miwani ile alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe katika duka lake dogo kule kwao. Aliichonga lenzi hadi ikaingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Kabla hajajizuia, alikuwa ameshamvua. Aliushika ule mkono wa plastiki kwenye kiganja chake, akaupasha joto kwa muda, akauinamisha kidogo kidogo, kisha akamvisha. Vidole vyake vikagusa nywele za nyuma ya sikio. Mvi zilikuwa zimeongezeka.

Fundi lifti alisimama, amefumba macho, kama mtoto anayepakwa mafuta.

"Unaona vizuri?"

"Naona," alisema. Kisha, baada ya kufumbua macho na kumtazama usoni: "Ndiyo shida yenyewe."

Jina la Miwani alipewa na fundi lifti. Zamani, mwanamume huyu alikwenda kufanya kazi katika nchi ya Miwani kwa kibali cha muda, na lifti ya jengo lenye lile duka ikakwama katikati ya ghorofa, Miwani akiwa ndani peke yake, gizani, anatetemeka. Akasikia sauti ya mgeni nje ya mlango. "Dada, usiguse chochote. Kaa chini. Nieleze unafanya kazi gani." Akaeleza kazi ya miwani kuanzia mwanzo: namna ya kupima umbali wa mboni, namna ya kujua lenzi imekaa kombo kabla mteja hajalalamika. Mlango ulipofunguka, yule fundi alikuwa amepiga magoti na kulowa jasho. Alisema, "Ahaa, kumbe huyu ndiye Miwani." Na binti wa Miwani, aliyemzaa katika ndoa yake ya kwanza, alipoanza kumzoea mgeni yule, akamwita Baba Lifti. Nyumba ile ikawa na vicheko vyake.

Miaka ile ilipita vizuri. Kisha figo za mama yake fundi zikafa, naye akarudi kwao kumuuguza.

*

Walirudi nyumbani kwa gari la kazi la fundi lifti, lililojaa nyaya na harufu ya grisi. Miwani alihesabu nguzo za taa, akapoteza hesabu, akaacha.

Mama alikuwa kwenye meza ya jikoni, kisu mkononi, maganda yamejaa kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeshona sare za shule maisha yake yote, na hata sasa, mkono wake wa kushoto ukiwa na uvimbe wa mahali wanapomchoma kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, alikaa wima kama yuko mbele ya cherehani.

"Mmerudi mapema! Nilidhani mtazunguka mjini kama zamani. Mkwe, keti. Huyu asikupe kazi, nimeshamaliza. Mbona mmenuna? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema mwanawe.

"Basi keti na wewe."

Hakuketi. Aliivua kofia, akaivaa tena. "Mama, mimi na Miwani tumeachana."

Kisu hakikusimama. Ganda liliendelea kushuka, refu, halikukatika.

"Lini?"

"Tangu msimu wa mvua uliopita. Kule kwao. Sasa kuna la kumalizia hapa, ndiyo maana amekuja."

"Tangu mvua." Mama alikiweka kiazi ndani ya maji. "Na mimi jana nimewatandikia shuka mpya."

"Nisamehe, mama," alisema Miwani.

"Shuka lile nilikuwa nimelitunza, nikisema siku mkwe wangu akija." Alifuta mikono kwenye kanga. "Kwa hiyo kila Jumapili unaponipigia simu, kunieleza mara mvua, mara binti amefaulu hesabu, nilikuwa nazungumza na nani?"

"Na mimi, mama. Ni mimi yule yule."

"Daktari alisema usishtuliwe," alisema fundi lifti.

"Daktari alisema nisile chumvi. Hilo la kushtuliwa umeliongeza wewe." Akamgeukia. "Haya. Mmeniambia leo kwa sababu gani? Mngeweza kuendelea kunidanganya, nilikuwa nadanganyika vizuri."

Ikabidi waseme yote: karani, swali la hakimu, mzazi wa kusimama na kusema alijaribu kupatanisha.

Mama aliwasikiliza hadi mwisho. "Nilijaribu lini?" aliuliza.

Mwanawe aliitazama sinia ya maganda.

"Nauliza. Nilijaribu lini kuwapatanisha? Asubuhi? Usiku? Nilivaa nini siku hiyo?"

"Mama, ni kusema tu. Dakika chache."

"Uongo wa kumpatia mtu kitu naujua, nimewahi kuusema nikiwa na mtoto wa kulisha. Uongo wa kupoteza ndiyo kwanza nausikia leo. Niende mbele ya serikali nikadanganye, halafu malipo yangu yawe kumkosa mkwe? Hapana, baba. Tafuta mama mwingine."

"Mama..."

"Au," alisema, akasukuma sinia pembeni, "niwapatanishe kweli. Nikishindwa, nitakwenda kusema nimeshindwa. Ngojeni hapa hapa. Asiinuke mtu."

Akaingia chumbani. Walisikia kabati likifunguka. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la shughuli, amejifunga kitambaa kichwani, na amepaka poda. Miwani alilikumbuka gauni lile. Mama alilivaa siku ya harusi yao, siku aliyokaa meza ya mbele akakataa kugusa chakula, kwa sababu mwanawe wa pekee anamwoa mwanamke mwenye mtoto, tena wa nchi za watu. Ilichukua miaka miwili kabla hajamwita mkwe. Tangu alipoanza kumwita hivyo, hakumwita kwa jina jingine.

"Kaeni upande mmoja," aliamuru. "Siwezi kupatanisha watu ninaowageukia huku na huku kama feni. Karibianeni. Zaidi. Hamtaambukizana."

Walikaa. Bega la fundi lifti liligusa la Miwani, na hakuna aliyelihamisha.

"Kila mmoja aseme kosa la mwenzake. Mwanangu, anza."

"Hana kosa, mama."

"Mtu asiye na kosa haachwi. Fikiri."

"Anaongea na lenzi akiwa kazini. Anaziambia zitulie."

"Hilo ni kosa?"

"Hapana. Nimetafuta, nimepata hilo."

"Mkwe."

Miwani alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Anakoroma. Na akiingia jengo lolote anasimama kusikiliza lifti, hata kama tumealikwa. Watu wanatungoja mezani, yeye ameweka sikio ukutani."

"Alikupiga? Alitembea nje? Alikunyima?"

"Hapana, mama. Kamwe."

"Sasa mnaachana kwa nini? Kwa sababu ya afya njema?"

Fundi lifti alicheka kidogo, puani, na kicheko kile kikageuka kitu kingine, akainamisha kichwa. Mama alimwacha amalize. Kisha akaanza kuuliza, jambo moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akipima kiuno, kisha nyonga, kisha urefu.

"Mkwe, hamia hapa. Duka unaweza kufungua hapa."

"Duka ningelileta, mama. Tatizo ni binti. Baba yake amekwenda mahakamani kule, hataki mtoto avuke mpaka kuja kuishi huku, na mahakama imemsikiliza. Nikihama, nahama peke yangu."

"Huyo baba anamwona mara ngapi?"

"Anamwona. Si baba mbaya. Anampenda."

"Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi." Mama alitikisa kichwa. "Haya. Wewe, baba, rudi kule. Ulikuwa na kazi kule."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

"Nani atakupeleka kwenye mashine? Nani atakutoa usiku ukizidiwa?"

"Basi nakuja na mimi. Nabeba sufuria yangu, tunahamia wote kule. Sijafungwa na mti."

Miwani na fundi lifti walitazamana. Walikuwa wameshapita njia hii, kwenye simu, mara nyingi, wakinong'ona ili asisikie.

"Tuliuliza, mama," alisema Miwani. "Hapa unatibiwa kwa sababu ni raia. Kule ni mgeni. Hospitali zilitujibu vizuri tu, kwa heshima, lakini hawakupokei. Na ile mashine huwezi kuikosa hata wiki."

"Bwana wangu yule," alisema mama, akiutazama mkono wake uliovimba. "Ananitaka mara tatu kwa wiki, na hapendi kusubirishwa. Mume gani huyu nimepata uzeeni." Akapiga meza kwa kiganja. "Basi mngoje! Watu wanangoja. Baba yenu alikuwa baharia, nilimngoja, nikamngoja, akaja. Binti atakua. Akikua hakuna baba wa kumzuia. Kwa nini hamngoji?"

"Nilimwambia hivyo hivyo," alisema fundi lifti. "Nilisema niko tayari kungoja hata nizeeke. Yeye ndiye aliyechoka nami."

"Sikuchoka nawe," alisema Miwani.

"Ulikwenda mahakamani kwenu, nikaitwa kwenye simu kujibu. Mtu asiyechoka hufanya hivyo?"

"Sikuchoka nawe!"

Sauti yake iligonga vyombo. Mama hakushtuka, alimtazama tu, kwa namna alivyozoea kuutazama mshono unaovuta bila sababu kuonekana.

"Sema, mkwe."

"Siwezi kulisema mbele yako, mama."

"Basi ndilo lenyewe. Sema."

Miwani aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Ilikuwa mikono tulivu, ya mtu anayeshika vitu vya kuvunjika.

"Mwaka jana ulipozidiwa," alisema. "Alinipigia asubuhi. Akaniambia, Mama hajitambui, madaktari wametuambia tujiandae. Nikakata simu. Nikaenda chumbani. Nikafungua kabati, nikaanza kuhamisha nguo zangu, nikazibana upande mmoja. Nikapangusa rafu. Nilikuwa namtengenezea nafasi, mama. Nafasi ya nguo zake. Ndipo nikaona ninachofanya. Nilikuwa bado sijalia hata chozi moja."

Maji yaliendelea kudondoka kwenye beseni.

"Mimi ninayekupigia Jumapili. Mimi ninayekupenda. Nikajua kungoja kwangu ni kungoja nini. Yeye hawezi kuja kwangu mpaka wewe uondoke. Nikiendelea kuwa mke wake, kila simu ikilia nitakuwa nasikiliza kama ndiyo hiyo. Ulipopona nilifurahi, wallahi nilifurahi, lakini nikarudisha nguo zangu kwenye ile rafu nikiwa nalia, na sikujua nalilia lipi. Sikutaka kuwa mtu huyo. Nikaona heri nisiwe na mume kuliko niwe na mume wa namna hiyo."

Fundi lifti alikuwa amemgeukia. "Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ungenitazamaje?"

"Hivi ninavyokutazama."

Naye akamtazama kweli, na Miwani akakuta hawezi kuyakwepa macho yale. Hayakuwa na hukumu. Yalikuwa macho ya mtu aliyekaa mwaka mzima akiamini hapendwi, anaambiwa sasa kwamba alipendwa kupita kiasi.

"Mwanangu," alisema mama. "Nenda nje. Kagua gari."

"Gari halina shida."

"Itafute."

Alitoka. Mlango wa uani ulijifunga polepole. Mama alivuta kiti, akaja kukaa pale alipokuwa mwanawe, bega kwa bega na mkwe wake, wote wawili wakiutazama ukuta.

"Kabati lilikuwa kubwa?" aliuliza.

"La milango miwili."

"Akilijaza nguo zake za grisi, harufu haitoki."

"Najua, mama."

Mama alicheka, kisha akafuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Nikuambie langu? Wakishanichoma pale, damu ikianza kuzunguka, huwa nafumba macho. Namwambia Mungu, nichukue, mtoto wa watu apate mume wake. Naomba kwa moyo wote. Halafu wakichomoa sindano naona njaa. Natamani chai. Nataka kuishi, mkwe. Nataka hata kesho. Naona aibu na nataka." Alimshika mkono. "Tumekuwa tukingoja kitu kimoja, mimi na wewe, na kila Jumapili tunaulizana habari za mvua."

Miwani aliinama akaweka paji la uso kwenye bega lile jembamba. Ndipo alipolia, kwa sauti, bila kuziba mdomo.

Mama alimwacha. Baada ya muda alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa nimejaribu. Kesho nitakwenda."

*

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Chumba kilikuwa kidogo, na feni ilipeperusha kona za makaratasi kila ilipogeuka.

"Mama, wewe ulijaribu kuwapatanisha hawa?"

"Nilijaribu, mheshimiwa."

"Lini?"

"Jana. Tangu mchana mpaka jua lilipozama."

"Jana tu?"

"Kabla ya jana sikuwa nimeambiwa kama kuna ugomvi."

Mtu alicheka nyuma. Hakimu hakucheka. "Na ugomvi wao ni nini?"

Mama alishika ukingo wa meza. "Hakuna. Mimi natibiwa upande huu. Mtoto yuko upande ule. Katikati kuna mpaka. Nimetafuta wa kumlaumu, maana nilitaka sana kumlaumu mtu, sikumpata. Huyu binti ni mkwe mwema. Huyu kijana nimemzaa mimi. Imeshindikana."

Hakimu aliweka kalamu chini kidogo, akaichukua tena. "Bwana, unakubali ndoa hii ivunjwe?"

Fundi lifti alifungua mdomo. Feni iligeuka, ikarudi.

"Bwana, naomba jibu."

Alimtazama Miwani. Naye, kwa kichwa tu, taratibu, akamwitikia kwamba aseme.

"Nakubali," alisema.

"Bibi?"

"Nakubali."

Hapo ndipo Miwani alipoachika pande zote mbili.

Wakampeleka mama hospitali, maana siku yake ya mashine ilikuwa imefika. Langoni alikataa kushikwa mkono. "Jumapili utapiga?" aliuliza.

"Nitapiga, mama."

"Uniambie ukweli sasa. Mvua nazisikia redioni." Akaingia bila kugeuka, mgongo wima, gauni la shughuli likiburuzika kidogo upande mmoja.

*

Basi la kuvuka mpaka lilikuwa limeshawasha injini. Fundi lifti alimkatia tikiti mwenyewe, akachagua kiti cha dirishani, upande wa kivuli, akapandisha begi, akashuka. Kwenye ngazi walikutana uso kwa uso, yeye akishuka, Miwani akipanda. Hawakukumbatiana, kulikuwa na watu nyuma wanasukuma.

"Binti akiuliza?" alisema.

"Nitamwambia Baba Lifti anamsalimu."

"Bado ananiita hivyo?"

"Ataacha kwa nini? Yeye hakwenda mahakamani."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, akapisha.

Ndani, mzee mmoja mwenye bandeji jichoni alisimama karibu na kiti chake. "Mwanangu, samahani. Nimetoka kufanyiwa operesheni, na kiti changu kinapigwa na jua. Tunaweza kubadilishana?"

Miwani aliitazama bandeji, namna ilivyofungwa, akajua ni mtoto wa jicho na ni juzi tu. "Kaa, mzee. Usilikune."

Akaenda kukaa upande wa pili, kwenye jua.

Basi lilianza kurudi nyuma. Vioo vyake vilikuwa vyeusi. Aliye ndani humwona wa nje, wa nje haoni kitu. Miwani alimwona fundi lifti amesimama peke yake kwenye lami, kofia mkononi, akilikabili lile dirisha alilolichagua. Akainua mkono. Akapunga. Hakuwa na haya. Alipunga kwa mkono mzima, kama mtu anayeongoza gari zito, na mdomo wake ukasema kitu ambacho kioo hakikukipitisha.

Ilikuwa ni kuvuka ujia tu, na kugonga kile kioo. Miwani aliinuka nusu. Alijua akigonga, fundi atasikia. Akisikia, dereva atasimamishwa, na basi likisimama atashuka.

Akakaa.

Yule mzee aligeuka, jicho lake zima limejaa mshangao. "Kijana yule pale ananipungia mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona simjui?"

"Mpungie tu," alisema Miwani. "Tafadhali. Mpungie mpaka tukate kona."

Mzee akainua mkono wake, akapunga.